Barua zilihamishwa, etiketi zikabaki nyuma

Siku moja asubuhi mama moja aliingia hapa kwenye biro yetu. Alitoka Likasi na bisi ya kwanza, mavumbi ya njia yangali kwenye viatu. Hakuja kuweka tangazo, hakuja kulalamika. Alikuja kuchukua kitu chake.

— Bwana yangu alibatumiaka barua mu 2021, akasema. Barua na bafoto ya makaratasi ya munganga. Telefone yake ilikufa, makaratasi nayo mvula iliikula. Aliniambia: kama mambo inafika mubaya, enda kuona bale ba gazeti, beko nayo.

Tukamujibu: Mama, ikala kwanza, tutaitoa sasa hivi. Hatukuwa na mashaka hata kidogo. Ukurasa huu wa Kiswahili una sanduku yake ya barua pepe, na kila barua ya msomaji inayofika tunaiwekea etiketi: Mshahara, Ajali, Afya, Shule, Maji na umeme, CNSS. Barua ya mchimbaji anayekohoa inaingia chini ya Afya. Unafinya neno moja, barua zote za Afya zinajipanga mstari mbele yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Ilituchukua siku tatu. Na kama si kalamu moja ya USB iliyosahauliwa ndani ya mtoto wa meza, pengine tungelikuwa tungali tunatafuta. Tunaandika haya juu kosa lilikuwa letu, na juu tunajua kwamba kwenye nyumba nyingi za kambi, kule Kolwezi, Fungurume, Likasi au hapa Lubumbashi, kosa hilo liko linangoja mwenyewe.

Google inampa kila mtu bure nafasi ya giga 15. Ile giga 15 si ya barua peke yake: picha na faili za Drive zinakula kwenye sahani moja nazo. Sasa wasomaji wetu wanatuma picha. Picha ya bulletin ya mshahara, picha ya ukuta uliopasuka, picha ya mto uliobadilika rangi. Sanduku ikajaa, barua mpya zikaanza kurudishwa kwa wenye kuzituma. Ndipo tukafanya kama watu wengi. Tuliweka programu kwenye kompyuta ya biro, tukaiagiza: kila barua iliyopita mwaka moja, uichukue, uiweke kwenye mashini, ndani ya folda ya mwaka wake. Ikatumika yenyewe, bila mtu kuigusa. Tulipoona folda za 2019, 2020 na 2021 zimejaa vizuri, tukafuta zile barua za zamani kule Gmail tupate nafasi. Kapu yake, ile wanaita «Corbeille», inajisafisha yenyewe kisha siku 30. Tulifurahi. Hakuna mtu kati yetu aliyeuliza: na etiketi?

Siku ya mama wa Likasi tukafungua folda ya 2021. Ndani, barua zaidi ya elfu moja, zote zimelala pamoja sawa vile mahindi yaliyomwagika kwenye sakafu. Afya, Ajali, Mshahara: hakuna. Vichwa vya barua: «Bonjour». «Habari». «SOS». Nyingine hazina kichwa kabisa. Picha zinaitwa IMG na namba. Tulitafuta kwa jina la bwana yake, bure: hakuwa na adresi yake mwenyewe, barua ilipitia adresi ya mupwa wake kwenye siberi, na mama hakuijua ile adresi. Tulitafuta neno kikohozi, neno mapafu, neno «radio». Bure tena. Maneno yalikuwa ndani ya picha, na programu yetu haisomi picha.

Mtu wa mine ataelewa haraka kuliko mtu wa biro. Kule Manono na mahali pengine ambapo watu wanachimba kasiterite na koltani, tangu mwaka 2011 kuna mpango wa etiketi kwenye mifuko. Mfuko unafungwa na etiketi yenye namba, namba inaandikwa kwenye rejista: mfuko huu umetoka kwenye shimo fulani, siku fulani, kilo kadhaa. Sasa chukua mfuko ule, umwage ndani ya mfuko mwingine mzuri, mpya, mkubwa zaidi, na ile etiketi uitupe pamoja na mfuko wa zamani. Mali iko palepale. Hakuna gramu iliyopotea. Lakini nenda nayo kwa mnunuzi, umwambie imetoka wapi. Atakuangalia tu.

Barua zetu zilikuwa vile. Hakuna hata moja iliyopotea. Zilimwagwa kwenye mfuko mwingine.

Kwa nini programu haikubeba etiketi? Hapa tulilazimika kujifunza, na tuseme kwamba jibu lilitushangaza. Mtu anadhani etiketi imebandikwa juu ya barua, sawa vile timbre juu ya bahasha. Hapana. Barua yenyewe, vile inavyosafiri, ina jina la aliyeituma, jina la anayeipokea, tarehe, kichwa, maneno na vitu vilivyofungwa nayo. Etiketi haiko ndani. Etiketi iko kwenye daftari ya mwenye sanduku. Kwa Gmail, daftari iko kwa Google. Daftari inasema: barua namba fulani ni ya Afya, ni pia ya Likasi, na ingali kwenye sanduku ya mapokezi. Ukichukua barua peke yake ukaenda nayo nyumba ingine, daftari inabaki kule. Na ukifuta barua kule, ile mistari ya daftari inafutwa pia.

Kuna kanuni ambayo masanduku na programu zinatumia kuongea, inaitwa IMAP. Maandishi yake ya mwaka 2003 yanasema kwamba barua ikikopiwa toka folda moja kwenda ingine, alama zake zingefaa kulindwa. Zingefaa. Hayasemi ni lazima. Kila fundi aliyetengeneza sanduku alilisoma neno hilo kwa namna yake. Tena etiketi za Gmail hazihesabiwi hata kati ya zile alama: Gmail inazionyesha kwa programu zingine kama folda. Barua yenye etiketi mbili inaonekana ndani ya folda mbili, wakati iko barua moja tu. Programu ikichota kwenye folda ya mapokezi peke yake, kama yetu ilivyofanya, inapata barua bila jina lolote. Ikichota kwenye folda zote, inaleta barua moja mara mbili, mara tatu, na nafasi inaisha upesi.

Kwa hiyo neno moja, «archiver», linabeba mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni kuondoa barua mbele ya macho. Ukiwa ndani ya Gmail, kwenye telefone yako, ukafinya «Archiver», barua haiendi mahali popote. Gmail inaondoa etiketi moja tu, ile ya «Boîte de réception», basi. Etiketi zako zote zinabaki. Barua utaiona chini ya jina ulilolipa, utaiona pia kwenye «Tous les messages». Wasomaji wengi wanaogopa kifungo hiki, wanadhani kinatupa. Hakitupi. Kuwa na mapokezi tupu, na barua 3.000 zimepangwa nyuma, ni jambo jema.

La pili ni kuhamisha: kutoa barua kwa Google na kuiweka kwenye kompyuta, au kwa mwenye sanduku mwingine. Hapa ndipo etiketi inabaki njiani, isipokuwa mtu ameipangia namna ya kusafiri.

Tunajua swali ambalo papa fulani anauliza sasa, kahawa mkononi: mimi ni mtu wa shimo, barua pepe inanihusu wapi? Inakuhusu mwisho wa mwezi. Kampani nyingi siku hizi zinatuma bulletin kwa barua pepe, karatasi hakuna tena. Kontra ya miezi mitatu inakuja kwa barua pepe. Sous-traitant anafunga, mwingine anachukua nafasi yake, unatumika kwenye shimo lilelile na kofia ya rangi ingine, na ushahidi kwamba ulikuwa pale miaka yote ni zile barua. Wazee walioondoka Gécamines mu 2003 na 2004 kwa ile «Départs volontaires», watu zaidi ya elfu 10, wengi wao wameendelea kudai miaka kwa miaka, chemise ya karato chini ya kwapa. Chemise ile iliandikwa juu kwa kalamu. Watoto wao hawana chemise. Wako na telefone.

Na saa haingoji. Kwa sheria ya kazi ya 2002, madai ya mshahara ambao haukulipwa yanakufa kisha mwaka moja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Madai mengine mengi ya kontra, kisha miaka 3. Mtu anayepoteza miezi sita anatafuta bulletin ndani ya barua elfu amekwisha kupoteza nusu ya muda wake. Kwa afya ni kinyume: unahitaji vitu vya zamani sana. Vumbi ya silika haionyeshi ubaya wake siku hiyohiyo. Silikozi inaweza kutokea miaka 10 au 20 kisha mtu kuanza kuivuta, hata wakati amekwisha kuacha kazi. Siku ile utaulizwa: ulitumika wapi, kwenye kazi gani, munganga alisema nini mwaka ule? CNSS inashughulika pia na magonjwa ya kazi, lakini inasoma makaratasi, haisomi kikohozi.

Tukirudi kwa etiketi: namna nzuri ni kuiweka siku barua inapofika, na kuacha mashini ifanye. Gmail inaita hiyo «filtre». Kwenye aplikasyo ya telefone huwezi kuitengeneza. Fungua Gmail ndani ya kompyuta, siberi ya jirani inatosha. Unaandika adresi ya biro ya mishahara, unachagua «Appliquer le libellé», unatoa jina: Mshahara. Toka siku hiyo kila bulletin inayofika inavaa jina lake yenyewe. Kuna mahali pengine pa kuweka alama ili ile filtre ishike pia barua za zamani; usipoweka, zile za nyuma zinabaki uchi. Lakini usiguse ile inayosema barua isipite kwenye mapokezi. Tuliwahi kuifanya kwa barua za CNSS. Zilijipanga vizuri kabisa mahali pasipo na mtu, na hakuna aliyezisoma kwa muda wa miezi.

Kuagiza Gmail iondoe yenyewe mbele ya macho kila barua iliyopita miezi mitatu, kifungo cha hivyo hakuna. Mtu anayejua kuandika programu ndogo anaweza kuitengeneza kwa mistari michache kwenye Google Apps Script: itafute barua za mapokezi zilizozidi siku 90, iziweke kwenye archives, irudie kila usiku. Inabeba mazungumzo 100 kwa mara moja, si zaidi, kwa hiyo sanduku ya zamani inahitaji safari kadhaa. Kwa kuwa inaondoa tu etiketi ya mapokezi, majina yako hayaguswi. Ila kabla ya kuiwasha, andika kwenye mahali pa kutafuta maneno haya: has:nouserlabels. Yanaleta barua zote ambazo hazina etiketi yako hata moja. Hizo ndizo zitakazozama. Zipe majina kwanza.

Tena chunga majina yenyewe. Ukifuta etiketi ndani ya Gmail, barua hazifutwi, lakini zote zinapoteza jina hilo kwa pigo moja. Mwenzetu alikuwa karibu kufanya hivyo na etiketi INSS, kwa maana INSS haiko tena: iligeuzwa kuwa CNSS. Alitaka kusafisha. Kumbe barua za zamani zote za pensheni zilikuwa chini ya jina lile. Dawa haikuwa kufuta, ilikuwa kuziwekea barua zile etiketi ya pili. Barua moja inaweza kuvaa majina mengi. Hapo ndipo inashinda folda ya karato, ambamo karatasi inakaa mahali pamoja tu.

Wale wanaotumika kwenye biro za kampani, watu wa stoo, wa usalama, wa pointage, wengi wako na Outlook. Hapo kuna «Archivage automatique» ya kweli, na hiyo inahamisha. Ikiwashwa, na kama muda wake haukubadilishwa, inaamka kila siku 14, inachukua vitu vya zamani, inavitia ndani ya faili inayoitwa archive.pst. Majina ya folda inayalinda, tuisifu kwa hilo. Jina la kategoria nalo linasafiri na barua. Lakini orodha ya rangi inabaki kwenye sanduku ya zamani. Fungua ile faili kwenye kompyuta ingine, nyekundu yako ya «Ajali» hutaiona, utaona jina kavu tu. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: archive.pst kwa kawaida iko ndani ya kompyuta, na kompyuta ni ya kampani. Siku kontra inaisha, unarudisha mashini, unarudisha badge, sanduku inafungwa, na miaka yako inabaki mle ndani. Siri za kampani uziache kwao. Lakini bulletin yako, kontra yako, barua ya munganga inayokuhusu wewe, hizo peleka kwenye sanduku yako ya nyumbani siku zinapofika, usingoje wiki ya mwisho.

Kwa WhatsApp hatutasema mengi. Tunajua kwamba kontra nyingi zinapita kule kama picha. Zitume kwenye barua pepe yako siku hiyohiyo, na kichwa cha kueleweka, kwa sababu telefone inaanguka ndani ya maji na inaibiwa sokoni.

Sasa ile kalamu ya USB. Siku ya tatu mwenzetu moja alikumbuka kwamba, kabla ya kuwasha ile programu, alikuwa ameomba kwa Google kopi nzima ya sanduku. Kazi hiyo inaitwa Google Takeout. Inakupa faili moja nzito ambayo mwisho wa jina lake ni mbox. Kopi ilitiwa kwenye kalamu, kalamu ikatiwa kwenye mtoto wa meza, chini ya bilete za bisi na betri zilizokufa. Tulipoifungua ndani ya Thunderbird tukakata tamaa: barua ziko, etiketi hakuna. Ndipo kijana anayetengeneza telefone pembeni ya biro yetu akasema: msiifungue na programu ya barua, ifungueni sawa karatasi ya maandishi tu. Tukafanya hivyo. Juu ya kila barua, katikati ya mistari ambayo mtu hasomi kamwe, kulikuwa na mstari unaoanza hivi: X-Gmail-Labels. Kisha yale majina, moja kwa moja, na koma katikati. Google ilikuwa imeandika daftari yake ndani ya barua zenyewe. Thunderbird inaupita mstari ule bila kuugeuza etiketi, juu Thunderbird iko na etiketi zake, za rangi, na za Gmail haizijui.

Tukatafuta Afya pamoja na 2021. Barua zilizobaki zilihesabika kwa macho. Ya bwana wa mama ilikuwa ya mwezi wa nane.

Neno dogo kwa wanaopenda accent. Etiketi yetu Afya ilisomeka wazi kwa sababu haina accent. Tungeliiita «Santé», ndani ya ile faili ingeliandikwa kwa alama za ajabu, Sant kisha =C3=A9, na tungelipita mbele yake bila kuitambua. Kiswahili kilituokoa pale, tukiruhusiwa kujisifu kidogo.

Kisha hayo yote tumebadilisha namna yetu. Kuhamisha tunahamisha bado, kwa sababu giga 15 haziongezeki. Lakini hatuchoti tena kwenye mapokezi: kila etiketi inatoka peke yake na kuingia ndani ya folda yenye jina lake, kisha mwaka. Takeout pia inakubali uchague etiketi unazotaka, si lazima kubeba sanduku nzima. Kabla ya kuachia mashini, tunapeleka kwanza barua 10, zenye etiketi moja, mbili, na moja isiyo na kitu, tunaenda kuziangalia upande wa pili. Hakuna kitu kinachofutwa Gmail kabla ya jaribio hilo, na kopi zinakaa mahali pawili.

Na kwa barua ambazo kweli zinaweza kuamua maisha ya mtu, hatuamini etiketi peke yake. Tuliiga wale wa sondaji. Wanapotoa karoti kwenye mwamba wanazipanga ndani ya sanduku, wanaandika namba ya shimo juu ya sanduku, lakini wanaweka pia ndani, pembeni ya jiwe, kipande kilichoandikwa metre. Mfuniko ukipotea, karoti inajua bado imetoka wapi. Sisi nasi tunajitumia tena barua ile, na kichwa kilichoandikwa wazi: 2021-08 Afya, cheti cha munganga, foreri, Likasi. Mwaka mbele, mwezi kisha, ndipo zijipange zenyewe. Picha nayo tunaibadilisha jina, IMG na namba yake viende. Kichwa cha barua ni sehemu ya barua. Kitasafiri popote, kwenye programu yoyote, hata ikichapwa kwenye karatasi.

Jambo moja lingine, hili kwa mabibi na watoto zaidi. Google imejipa haki ya kufuta konti ambayo haikufunguliwa kwa miaka 2, pamoja na barua zote zilizo ndani, ziwe na etiketi au bila. Papa akiwa mgonjwa, akiwa amekwenda mbali, au akiwa amefariki, telefone yake ikizimwa ndani ya sanduku la nguo, hesabu inaanza. Ndani ya konti kuna mahali panaitwa «Gestionnaire de compte inactif». Mwenye konti anaandika pale majina ya watu anaowaamini, na konti ikinyamaza muda aliouchagua, wao wanapata ruhusa ya kuchukua vitu alivyowaachia. Ni yeye mwenyewe tu anaweza kuipanga, akiwa mzima. Kwenye kambi tunajua namna mazungumzo kama haya yanavyokuwa magumu nyumbani. Mama wa Likasi alituambia bwana yake ndiye aliyeanza kuyasema, usiku moja wakati kikohozi kilimukatalia usingizi.

Tulipomupigia, alirudi siku iliyofuata. Tulimuchapia kila kitu: barua ya bwana yake, picha nne, moja ikiwa ni karatasi ya munganga wa sous-traitant wa wakati ule, na kashe yake, inayosema kwamba mutumikaji huyu aondolewe kwenye vumbi. Tarehe inasomeka. Tulimuelezea pia kidogo juu ya ile kalamu, yule kijana, ule mstari uliofichwa. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaomba bahasha kubwa, akatia makaratasi ndani, akatusukumia.

— Muniandikie huku juu ni nini iko ndani. Na Kiswahili, na Kifaransa.

Tukaandika. Akachukua bahasha, akaisoma polepole, akairudisha kwenye meza.

— Na matricule yake, akasema. Muandike na matricule.